Mkuyu wa Chemchemi

Juzi kanisani Nyabiyonza nilimwona mchungaji akibariki miche ya miti, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Mwinjilisti wetu alikuja na shoka kuukata mkuyu uliokuwa juu ya chemchemi, kwa kuwa zamani watu waliufanyia matambiko. Alisema una shetani. Nikasogea nimwone akitoka. Shoka lilipoingia, ulichuruzika utomvu mweupe, nikadhani kumbe shetani ni maziwa.

Mama alikuwa akiteka maji, mdogo wangu mgongoni.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema kwa upole. “Jumapili unambatiza huyu mtoto. Mti huu ukiondoka na chemchemi ikakauka, utambatiza kwa maji gani?”

Mwinjilisti aliyatazama maji yakiingia kwenye ndoo. Mwishowe aliweka shoka chini, akagusa pale alipoukata mti, akafumba macho na kuomba. Mkuyu ule upo hadi leo, na maji bado tunateka. Sijawahi kujua aliomba nini.

Siku ile nilidhani anambatiza shetani. Njiani nikamwuliza Mama, Mwinjilisti amempa jina gani. Alicheka mpaka maji yakamwagika kichwani, akatembea akicheka hadi nyumbani.