Kumfuata Mama Mikumi, Mara ya Pili

Nilikwenda Mikumi kwa hasira. Dereva wa lori la mahindi alinikuta dukani kwangu Magomeni, hapa hapa Kilosa, akaniambia, "Bosi, mama yako kalazwa tena." Tena! Mama niliyempeleka India kwa ndege!

Wasionijua niwaambie. Shule niliishia darasa la nne, nikauza karanga stendi ya Dumila. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza, nikafuata mahindi Magole, nikapata mashine ya kusaga, kisha pikapu kutoka Japani, ya kubeba mizigo na abiria. Basi mlango wa moyo wa mama ulipokaza na hospitali kubwa wakasema India, sikuuliza mara mbili. Kule hata kifua hawakumpasua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakapuliza kifuko kidogo, mlango ukafunguka. Daktari akasema, na mkalimani akatafsiri: mlango tumeufungua, lakini moyo umechoka kwa miaka mingi, vidonge vya kutoa maji mwilini asiache hata siku moja. Mimi masikio yangu yaliishia kwenye "tumeufungua". Tuliporudi nilichinja ng'ombe.

Nikapanga mama akae Mikumi kwa mdogo wangu Zuhura, maana nyumba yao na hospitali ni pua na mdomo. Nilijiona nina akili kuliko madaktari. Hata alipolazwa pale mara ya kwanza nilimfuata, akapata nafuu, nikamrudisha kwa Zuhura bila kuuliza neno.

Asubuhi nikaondoka, mkonge kushoto na kulia, vumbi nyuma. Pale Ulaya, hii Ulaya yetu ya njiani, muuza ndizi alinipigia kelele, "Tajiri, hata leo husimami?" Nikapita. Njiani mimi sisimami, abiria wangu wananijua. Anayetaka kujisaidia atajibana mpaka tufike.

Mikumi nilifika mchana. Mama alikuwa ameegemezwa mito, miguu imevimba, pumzi inakatika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na kelele zako?"

Muuguzi akanieleza kwamba mlango uliofunguliwa India haujaziba, ila maji yamemjaa mwilini mpaka mapafuni, kama mara ile ya kwanza. "Mama, vidonge unameza kweli?" akamuuliza.

"Nameza," akasema mama, akatazama ukutani.

Nikamgeukia shemeji Rajabu, mume wa Zuhura, aliyesimama pembeni, kofia mkononi. "Shemeji, mnamlisha nini mama yangu?"

"Kaka, punguza sauti," Zuhura akanikata. "Hapa si mashineni kwako."

Kesho yake nilimkuta mama ana nafuu. Walimchoma sindano ya kutoa maji, alikuwa ameshakwenda chooni mara nyingi.

"Choo cha hapa kizuri," akaniambia.

"Kizuri nini, mama? Kinanuka!"

"Hakuna anayenisimamia."

Ndipo akaanza kusema, polepole, macho chini. Rajabu ni fundi cherehani, anashonea barazani, na njia ya kwenda chooni inapita mbele yake. "Ana adabu mno yule kijana. Nikitokeza tu, anaacha kushona, anasimama, anavua kofia: shikamoo mama. Kidonge kile nacho hakinipi nafasi, kinanituma na kunituma tena. Kila mara mkwe wangu anasimama, wateja wanageuka, wote wanajua naenda wapi. Nikaona bora kikae chini ya godoro."

Nyuma yangu Rajabu alikuwa ameingia na uji. Alisikia yote. "Mama," akasema, akiuweka uji chini, "ningekwenda kushonea hata barabarani."

"Ndiyo maana sikukwambia, baba."

Nikasema nitamjengea choo chake, cha vigae, Mikumi nzima wakione. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nirudishe Kilosa. Kwangu nikienda chooni naonwa na kuku tu."

Aliporuhusiwa, tukaondoka asubuhi, Zuhura akimsindikiza. Kabla sijawasha gari mama akaniambia, "Leo nimekimeza." Nikaelewa. Nilisimama kwenye kalavati, nikasimama kwenye mkonge, nikasimama nilipoambiwa. Zuhura anatanda khanga, mimi nashuka na kutazama upande wa pili. Tulipofika Ulaya muuza ndizi akashika kiuno. "Tajiri umesimama! Gari limeharibika?" Mama alicheka ndani ya gari.

Aliishi kwake, akameza vidonge vyake, wala hakulazwa tena mpaka masika ya pili, moyo ulipochoka kabisa, akatutoka. Daktari alisema zile safari mbili za wodini ziliutafuna. Hilo ndilo linaloniuma. Kumvusha bahari niliweza, na kila mtu nilimsimulia. Kumuuliza pale kwa mkwe anaishije, hapana.

Siku hizi abiria akisema, "Bosi, simama," nasimama. Nashuka, natazama upande wa pili, nasubiri.