Damu Iliyotikiswa

Shangazi yake, fundi cherehani, ndiye aliyemlea binti huyu. Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kutoa damu, binti alipotafuta watu wenye afya wa kulinganishwa na wagonjwa katika utafiti wake wa shahada ya uzamili.

"Unatafuta nini humo?"

"Radikali huru, shangazi."

"Huru? Nani kaziachia?"

Binti alicheka, akaeleza: ni vijichembe vilivyopungukiwa elektroni, hupora kwa jirani, na aliyeporwa naye huenda kupora kwingine, hadi seli inaharibika.

"Si useme tu vibaka!"

Majibu yalipotoka, uharibifu katika damu ya shangazi ulizidi hata wa wagonjwa. Binti akaisoma namba hiyo mara mbili. Mwanafunzi mwenzake akachungulia.

"Ifute hiyo, inakuharibia jedwali. Nani atajua?"

Wengi siku hizi huona namba isiyopendeza kuwa taka ya kufagia. Yeye hakufuta. Kama namba ni ya kweli, shangazi anaumwa, na kufuta hakumponyi mtu. Akatoa kichupa cha shangazi kwenye jokofu, akakiinua kwenye mwanga. Maji yaliyojitenga juu ya damu, ambayo huwa ya manjano, yalikuwa mekundu. Alipaswa kuliona hilo kabla ya kupima. Kwa haraka hiyo simtetei.

Akaenda moja kwa moja chumba cha cherehani.

"Mbona uso umekukauka?" shangazi akauliza.

"Siku ile nilipopokea simu nikakuachia kichupa, ulikifanya nini?"

"Si ulisema nichanganye? Nikakitikisa barabara, kama dawa yako ya kikohozi ulipokuwa mdogo."

Binti akaketi juu ya majora ya vitambaa, akicheka na kufuta machozi. Kichupa cha damu hupinduliwa polepole. Kikitikiswa, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga chuma chake, nacho ndicho huwachochea vibaka.

"Kwa hiyo mimi mzima?"

"Sijui bado. Tunapima upya."

Hakumpa faraja asiyokuwa nayo, na hapo ndipo nilipomheshimu.

Safari ya pili maji yalitulia manjano safi, na namba ikakaa pamoja na za wenye afya. Binti alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia kichwani, akakimbia kutoa habari.

Shangazi alishukuru Mungu, kisha akamkazia macho. "Na umeandika kwamba mimi ndiye niliyeharibu?"

"Nimeandika kwamba sampuli ya kwanza iliharibika kwa uzembe wangu."

"Vema. Sasa nishikie upindo huu. Na usiutikise."