Nilivyosinzia Siku ya Mali Yangu

Muniache kwanza nijicheke mwenyewe, ndipo na ninyi mucheke, kwa sababu aibu ya siku ile ingali inanishika kila nikipita pale ufukweni mwa ziwa, na wazee wa Kalemie waliokuwepo wananiita Mama Usingizi mpaka leo, mimi muntu mwenye wajukuu!

Ilikuwa wakati wa vita. Papa yangu alikuwa anauzisha ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na kwa vile askari walikuwa wanapita sokoni na kujichukulia tu, Papa akaamua magunia yote yalale ndani ya nyumba, tena chini ya kitanda changu, maana (njo alivyosema) hakuna askari mwenye adabu atakayeinama chini ya kitanda cha binti. Sijui huyo askari mwenye adabu alimuona wapi. Na mimi tangu utoto nina aleji, vumbi kidogo tu pua inatiririka, macho yanavimba, chafya haziishi. Kwa hiyo kila siku nilikuwa ninameza kidonge kimoja kidogo cha manjano, nilichopewa na Papa Mulenda, munganga wa dispanseri yetu. Mwanzoni kilikuwa kinanilaza, halafu ule usingizi ukaacha kuja, lakini pua ilikuwa inakauka vizuri. Basi ndakala wakawa wengi, magunia yakaongezeka mpaka kitanda kikainuka upande mumoja, na chafya zikarudi. Mimi nikawaza nini? Nikawaza dawa imechoka! Kila muntu mutaani alikuwa anasema hivyo, kwamba dawa ukiikula muda murefu mwili unaizoea, inakuwa maji tu.

Ikafika siku ya Faustin kuleta mali ya ndoa. Nilimupenda Faustin, nisiwafiche. Watu wake walitoka Zongwe, mbali kando ya ziwa, kwa mutumbwi wa mota, na askari wa bandarini waliwapa ruhusa mpaka alasiri tu, baada ya hapo hakuna chombo juu ya maji. Wote tulijua kwamba mali ikirudi kwao siku ile haitaletwa tena, ziwa linaweza kufungwa kesho na Faustin akabaki upande wake, mimi wangu.

Asubuhi nikaanza, chafya juu ya chafya. Shangazi Yustina, aliyekuwa ananivalisha, akasema, "Vero, utawapigia wageni chafya juu ya mali yao?" Nikameza kidonge. Pua bado. Nikaongeza cha pili, halafu (kwa haraka tu, maana wageni walikuwa wameshafika) nikatupia na cha tatu.

Sasa kwetu desturi iko hivi. Majembe, vitenge na chumvi vinawekwa juu ya mukeka, mbuzi anafungwa pembeni, na Papa hawezi kugusa kitu mpaka binti aletwe, aketi, kichwa kimefunikwa kitenge, aulizwe mara tatu mbele ya watu wote kama baba yake aikule, yaani aipokee. Akinyamaza mara zote tatu, amekataa, na mali inarudi ilikotoka bila mabishano.

Ndani ya kile kitenge kulikuwa joto zuri, na jua lilikuwa linapenya rangi ya papai. Sauti za wazee zikaenda mbali, zikawa maji. Nikaona ziwa linaingia uani kwetu polepole bila kumulowesha muntu, magunia yanafunguka, ndakala wakavu wanafufuka na kuogelea kati ya viti, na Papa amesimama juu ya maji, ananiuliza taratibu, "Mutoto wangu, nikule hii mali?" Nami nikajibu! Kweli ya Mungu nilijibu, kwa sauti kubwa, kula Papa, kula yote, na watu wakapiga vigelegele, na Faustin akanishika mukono tukaanza kutembea juu ya maji. Tamu sana ile ndoto.

Kumbe Papa ameuliza mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akainua sauti, wanasema, na bado kimya. Ningekoroma ningepona, lakini mimi ninalalaka kama maiti. Papa Kilolo, baba mukubwa wa Faustin, akasimama. "Tumesikia. Mutoto amekataa. Mukunje mukeka."

Nilizinduka na maji ya baridi usoni na Shangazi akipiga kelele, "We mutoto, unalala?! Mali imeshafika ziwani!"

Nikakimbia miguu mitupu. Mota ilikuwa imeanza kukohoa, mbuzi analia ndani ya mutumbwi, Faustin ameinamisha kichwa. Nataka kuita, wapi! Vidonge vilikuwa vimenikausha mudomo, ulimi umeganda. Nikaingia ziwani na kitenge changu kipya mpaka kifuani, nikachota maji kwa mikono nikanywa mbele ya askari, wachuuzi na mapadri, ndipo sauti ikatoka: "Papa akule! Nilisinzia tu! Akule!"

Ufuko wote ulianguka kwa kicheko. Papa Kilolo peke yake hakucheka. "Huyu pengine angali analala," akasema, "aulizwe upya." Papa yangu akakunja suruali akaingia majini, akaniuliza mara tatu, na kati ya pili na ya tatu macho yangu yakaanza kujifunga tena, Faustin akaruka majini akanishika mabega. Nikajibu zote, na Papa akaikula mali.

Papa Mulenda aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. "Vero, dawa haikuchoka. Watu wengi wanaikula miaka na bado inawasaidia. Mwili unazoea usingizi wa kimoja, si wa vitatu! Chafya zikirudi, angalia kwanza kitu gani kimeongezeka nyumbani, halafu uje kwangu. Unalala wapi?"

"Juu ya ndakala," nikajibu.

Papa yangu akahamishia magunia jikoni, na juma lile lile askari wakayabeba yote. Nilikuwa kitandani, pua kavu na kidonge changu kimoja, nikamusikia Papa anamuambia Mama uani, "Waache wakule. Mutoto anapumua."

Tangu hapo sijaongeza kidonge kwa akili yangu mwenyewe, na sitaongeza. Na Faustin, nikinyamaza kidogo tukiwa tunaongea, anaanza kuniuliza mara tatu kama Papa, na mimi ninajibu haraka, kwa ulizo la kwanza tu.