Mpira wa Mgeni

Wanangu wakianza kutazama mpira wa wavu kwenye simu, mimi huondoka barazani. Wananiona mshamba. Sawa, lakini mshamba ni nani? Mimi niliyelelewa kwenye mchezo wenye heshima zake, au wao wanaoruka kushangilia pointi iliyopatikana kwa sababu mtu mzima na akili zake kapiga sevu, ule mpira wa kuanzisha, ikaishia kwenye wavu? Zamani ukikosea sevu ulinyang'anywa sevu, basi. Mpinzani hakuandikiwa kitu mpaka aanzishe yeye mwenyewe na ashinde mpira huo. Pointi ilitoka kwa jasho. Siku hizi kila mpira unaoanguka una mwenyewe, hata aliyekuwa ameinama kufunga kamba za viatu anaandikiwa.

Tuliambiwa wakubwa wa mchezo huko duniani walibadilisha kwa sababu mechi zilikuwa ndefu mno na televisheni haziwezi kungoja. Kijijini kwetu Miteja, Kilwa, wakati huo hakukuwa na nyumba yenye televisheni. Tulikuwa na redio, nazo hazikuwahi kulalamika.

Ni kweli mechi zilikuwa ndefu. Seti ya pointi kumi na tano ilianza baada ya sala ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ikawakuta wako tisa kwa nane. Watu walikwenda kusali, wakalala, na kesho yake wakaendelea na tisa kwa nane yao bila mtu kuona ajabu. Mama yangu alikuwa akitazama kidogo, anakwenda kisimani kuteka maji, anarudi na ndoo kichwani na kuniuliza, "Ngapi?" Namwambia zilezile. Aliniuliza mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwandika ubao, ubao mbovu wa shule ulioegemezwa kwenye kiti, na niseme bila haya kwamba nikishika chaki nilijiona mtu mkubwa.

Tena tulikuwa na desturi yetu iliyoitwa mpira wa mgeni. Miteja ikicheza na wageni, ikabakiza pointi moja kushinda, na sevu ikawa yetu, mpigaji aliutuma mpira nje makusudi, juu na mbali, kila mtu auone. Ilikuwa mara moja tu kwa mechi. Maana yake ilikuwa kwamba mgeni hamalizwi kwa mkupuo mmoja. Achukue sevu, ajaribu bahati yake. Wageni walipiga makofi, wakachukua sevu, na vita ikaanza upya. Haikumpunguzia mtu pointi wala kumwongezea. Ilitugharimu muda tu, na muda tulikuwa nao wa kumwaga.

Fundi wa mpira huo alikuwa kaka yangu, mpigaji wetu bora. Yeye akiutuma ulikwenda kuangukia kwenye mikorosho nyuma ya uwanja, na watoto wakagombania kuufuata.

Halafu akaja bwana mmoja kutoka mjini Lindi, filimbi shingoni, kofia imegeuzwa nyuma, kutufundisha kanuni mpya. Kila mpira ni pointi. Seti inaisha ishirini na tano, mradi umeshinda kwa tofauti ya mbili.

Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa mwanangu, nikikosea mimi, huyu wa pili anapewa pointi kwa kazi gani aliyoifanya?"

"Ndiyo kanuni, mzee. Dunia nzima wanacheza hivyo."

Dunia nzima! Watu wa aina ile hawakosi kuwa na dunia nzima mfukoni. Sisi hakuna aliyetuuliza, na sidhani kama watu wa Sudi au wa Songo Songo waliulizwa.

Ningecheka nikasahau, kama si habari ya kaka. Kila msimu alikuwa anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya ukungu, kwenye mikorosho, yetu na ya watu, mashine mgongoni na kitambaa puani, kitambaa ambacho hakikuzuia chochote. Alirudi macho mekundu, akikohoa mpaka anashika ukuta. Mama alikuwa akimtazama na kugeuza uso. Mwaka ule kukatangazwa kwamba tutacheza na Sudi, na kwamba atakuja mwalimu wa timu moja ya Dar es Salaam, timu inayowaajiri wachezaji wake. Atachukua mchezaji mmoja kutoka upande utakaoshinda. Miteja ikishinda, hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Mama alianza kuwauliza majirani kama Dar kuna baridi.

Kabla ya mechi timu ilikaa kikao, maana mpira wa mgeni kwa kanuni mpya ulikuwa ni kumpa mtu pointi mkononi. Wazee walinung'unika sana. Aliyekata maneno ni kaka mwenyewe. "Watu wa Sudi tutawapa wali, tutawapa kuku," alisema. "Pointi hatuwapi." Watu wakacheka, wakakubali.

Siku yenyewe bwana filimbi akatangaza kwamba itachezwa seti moja tu, kwa kuwa lori la wageni linatakiwa kurudi. Seti moja! Watu wametoka Sudi, wamepita Lindi yote, wamekula vumbi la Kilwa, kwa seti moja! Hata ndoa ya mkeka huchukua muda zaidi.

Tulikwenda nao bega kwa bega. Nikaandika na kuita kwa sauti ishirini na nne za Miteja, ishirini na tatu za Sudi, na sevu ikamwangukia kaka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia akimwomba Mungu. Kaka aliudundisha mpira chini, akavuta pumzi, akapiga.

Mpira ulipanda juu, ukapita vichwa vya Sudi wote, ukapita mstari, ukaangukia kwenye mikorosho.

Wazee wetu wakainuka wakipiga makofi, na wazee waliokuja na lori la Sudi nao wakapiga. Mmoja alikuwa anafuta machozi. Bwana filimbi akanyoosha mkono upande wa Sudi, akanitazama. Nikafuta ile tatu kwa kiganja, nikaandika nne. Mipira miwili iliyofuata ilikwisha kabla sijameza mate, yote ya Sudi. Yule mwalimu wa Dar es Salaam akatazama saa yake, akasema, "Huyu ndiye mliyekuwa mnaniambia?" Akamchukua kijana wa Sudi mwenye miguu mirefu, ambaye mchana mzima alikuwa akikanyaga mstari.

Kaka alizungukwa. Wazee walimshika mikono yote miwili, wakamwambia ametusitiri, ameonyesha kwamba kanuni za watu haziwezi kututoa utu wetu. Mzee aliyenung'unika zaidi kwenye kikao ndiye aliyeongea zaidi. Mama alisogea, akamgusa bega, akasema, "Umefanya vema, baba," kisha akatangulia nyumbani haraka haraka.

Mimi na kaka tulirudi nyuma yake. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiunguza.

"Tulikubaliana usiutoe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesema! Sifa za wazee zitakulisha?"

Tukatembea. Kisha akasimama, akanigeukia.

"Sikuwa nimekusudia," akasema. "Nilisikia umeita ishirini na nne, nikajua imebaki moja, mkono ukaenda wenyewe. Nimekumbuka mpira ukiwa hewani."

"Basi waambie!"

"Niwaambie nini, mdogo wangu? Kwamba nilisahau?"

Hakuwaambia, na mimi sikumwambia mtu, hata mama, ambaye alikufa akijisifu kwa majirani kwamba mwanawe aliikataa Dar es Salaam kwa heshima ya wageni. Wiki ileile kaka alijitwika mashine akaenda kupuliza salfa, na njia nzima watu walimsimamisha kumpa mkono.