Kipa Asiyeyapa Maji Mgongo

Nangila hawezi kukaa. Mkalishe kwenye benchi, baada ya dakika moja atakuwa amesimama, anafunga leso upya, anasogeza masufuria yasiyohitaji kusogezwa, anakuuliza saa aliyokuuliza sasa hivi. Sisi tunaokaanga samaki naye hapa Dunga, kando ya ziwa, tulichoka naye zamani, tena tukampenda hivyo hivyo.

Hakuwa hivyo alipokuja kutoka Kimilili akiwa mke mpya wa Wakhungu, mvuvi mrefu aliyecheka mpaka mashua za jirani zikamsikia. Miaka minne iliyopita upepo uliipindua mashua yao. Wenzake wawili waliopolewa wakiwa hai, yeye hakupatikana. Tulimtafuta siku tisa, kisha shemeji zake wakafanya kama desturi ya kwao inavyotaka: wakazika mgomba badala ya mwili, huko Kimilili, wakalia, wakarudi makazini. Nangila akarudi huku akaanza kutembea. Kila alfajiri ufukweni, akienda na kurudi, macho kwenye maji.

Ni Debra, muuza dagaa wa omena kutoka Pap Onditi, aliyesema huyu mama atatembea mpaka arukwe na akili, afadhali tumpe kazi golini. Daktari alikuwa ametuamuru sote tukimbie kwa ajili ya presha, tukaanzisha timu ya mpira, nayo ilikosa kipa. Nakwambia, Nangila anadaka! Kasoro yake ni moja: goli la upande wa ziwa halitaki. Akiwekwa huko anageuka kila mara kutazama nyuma, nasi tunafungwa mabao ya kijinga. Niliwahi kumtukana kwa hilo, na bado naona aibu.

Jumapili iliyopita tulikuwa na fainali, sisi na kina mama wa Obunga. Nusu saa kabla ya mechi, Oyugi, msimamizi wa mashindano, akaja na fomu zetu mkononi.

"Kina mama, hii timu ni ya wapi?"

"Ya Dunga," Debra akajibu.

"Wapi! Hapa kwa 'Nyumbani' mmeandika Pap Onditi, Asembo, Kimilili... Dunga haina hata mtu moja! Obunga wamelalamika. Mkikosa kurekebisha, kombe ni yao."

Tulikosea, ndiyo, lakini nani kati yetu angeandika vingine? Chumba cha kupanga ni nyumba tu. Nyumbani ni dala, kule utakakozikwa. Kuandika Dunga ni kama kujitangaza kwamba huna kwenu. Oyugi mwenyewe ni Mjaluo, anajua hilo vizuri, ndiyo maana nilitaka kumrushia kiatu. Kalamu ikapita mkono kwa mkono, hakuna aliyeandika. Debra alisema marehemu baba mkwe wake atamtokea ndotoni. Upande wa pili, Obunga walikuwa wameshaanza kuimba.

"Bwana Oyugi, si uandike wewe?" nikamwambia.

"Haiwezekani, lazima mchezaji mwenyewe. Aai, mama zangu, hii kitu ni rahisi! Nyumbani hapa ni pale watu wako wanalala. Basi."

Nangila, aliyekuwa akizunguka nyuma yetu, akasimama.

"Watu wangu wanalala?"

"Ndiyo, mama. Wanalala."

Akachukua kalamu. Akaikata Kimilili kwa mstari mmoja, akaandika DUNGA kwa herufi kubwa.

"Kule tulizika mgomba," akasema. "Mzee wangu analala hapa."

Oyugi akavua kofia. Kisha Debra akainyakua kalamu, akaikata Pap Onditi, nasi tukapanga foleni nyuma yake tukilia kama wajinga.

Refa alipouliza tunataka goli lipi, Nangila ndiye aliyejibu. Akaenda upande wa ziwa, akavaa glavu, akayapa maji mgongo.