Firigisi Niliyoila

Laiti ningalimkatalia ndugu yangu siku ile. Alisema, "Mwanamume gani ananyang'anywa firigisi na msichana wa shule?" Nami, badala ya kumwambia anyamaze, nikanyoosha mkono.

Mjukuu wangu alikuwa kidato cha pili, akiishi nasi hapa Malava. Mwalimu wake wa biolojia hakupenda wanafunzi wa kunakili ubaoni. Aliwaambia kila mmoja atafute swali nyumbani kwao, kisha alitafutie jibu kwa mikono yake mwenyewe. Mjukuu wangu akauliza kwa nini kuku humeza changarawe. Alilea majogoo wawili: mmoja akamwacha azurure uani, mwingine akamfungia kwenye kizimba cha mbao tangu akiwa kifaranga, asipate hata kijiwe. Wote aliwalisha mahindi yale yale.

Kwetu firigisi, tunayoiita imondo, ni ya mwenye boma. Wanawake hawaionji. Siku ya kuchinja alinijia mimi kuka wake, babu yake.

"Kuka, naomba imondo zote mbili. Sitakula. Nataka kupasua tu."

Nikakubali. Akapasua ya jogoo wa uani kwa wembe: mahindi yamesagika, yamechanganyika na vijiwe. Alinionyesha huku akicheka. Ndipo ndugu yangu akaingia na maneno yake.

"Leo mzee atakula kucha za kuku! Huyu mtoto anaulizanga sana. Kesho atakupasua wewe."

Watu wakacheka. Nikaichukua ile ya pili.

"Kuka, hiyo ndiyo yenye jibu!"

Niliipasua mwenyewe, nikamwaga vilivyokuwa ndani kwenye shimo la takataka bila kutazama. Nikaagiza ichomwe, nikaila mbele yake.

Wazee wenzangu wangali wananiambia nililinda mila. Nawajibu hadharani, nje ya kanisa, wake zao wakisikia: nililinda tumbo langu na jina langu, basi. Mila gani hiyo ya kuogopa wembe wa mtoto? Wakinuna, wanune. Wasichana wa boma hili sasa nawaambia wapasue wanachotaka, na anayeona vibaya asije kula kwangu.

Lakini haya nayasema nikiwa nimechelewa. Alirudi shuleni na nusu ya jibu. Mwalimu alipomwambia arudie, alimjibu, "Nirudie ili Kuka ale tena?" Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, akaiacha biolojia.

Siku hizi anafanya kazi Eldoret. Akipiga simu huongea na nyanya yake mpaka sikio liume. Simu ikiletwa kwangu, ananisalimu kwa heshima, anauliza mgongo unaendeleaje, anakata. Zamani hakuna mdudu aliyeokotwa njiani ambaye sikuletewa nimtazame. Nimemwomba msamaha, amesema hakuna neno. Hanijii tena na jambo lolote. Mjukuu wangu yuko hai, ni mzima, na nimempoteza.