Mkono Nilioukata Pichani

Acheni nijiumbue mwenyewe, maana Makambako nzima imeshajua. Mimi ndiye ninayeendesha ukurasa wa Fesibuku wa chama cha akina mama wanaofuma masweta ya watoto. Semina moja tu ya matangazo ya mtandaoni kule Njombe ilinitosha kujiona mtaalamu: picha ya huzuni, nikajiambia, ndiyo inayovuta wafadhili.

Kwenye picha za zamani za chama nikakuta mtoto kifua wazi, amekaa kwenye nyasi zenye barafu, analia. Pembeni palikuwa na mkono wa mtu mzima ulioshika kitu cha kijani. Nikaukata, mtoto abaki mpweke. Nikaandika: “Hana wa kumvalisha. Tumsaidie.”

Kufika mchana watu walikuwa wakimlilia kwenye maoni, nami kichwa kimevimba. Ndipo mama yangu, mmoja wa waanzilishi wa chama, akaandika kutoka kijijini Kitandililo, mbele ya wote:

“Mwanangu, huyo ni wewe. Ulikataa sweta nililokufumia, eti linawasha. Nilikukimbiza uwanja mzima.”

Shingo ikaanza kuniwasha. Nikakumbuka harufu ya sufu na moshi wa jikoni kwetu. Kabla sijafuta, akaongeza:

“Na mkono wangu umeupeleka wapi?”